Neno la Adjudant Mathe

Ilibaki siku moja tu wamzike baba yake, na Kavugho, badala ya kukaa kwenye mkeka na wanawake wenzake alie kama watu, alikuwa anazunguka mtaa wa Bulengera, mjini Butembo, akigonga mlango mmoja baada ya mwingine, akiwaomba watu wasikimbie.

"Kesho mutasikia masasi kule kwa makaburi," alikuwa anasema. "Musiogope. Ni baaskari banamupatia Papa heshima. Hapana kimbia, hapana beba batoto. Ni heshima tu."

Alianza umande ukiwa bado juu ya mabati. Mtu wa mbali atauliza, mbona taabu yote hiyo kwa ajili ya risasi za mazishi? Mtu huyo na akae hukohuko mbali, anywe chai yake. Huku kwetu, bunduki ikilia, mama anaacha sufuria motoni, baba anavaa kiatu kimoja, na mtaa mzima ni mguu niponye kuelekea upande wowote ambao si ule. Nusu ya waliopanga vyumba Bulengera wametoka Beni na vijiji vya mbele ya Beni, na hawakutoka kwa kupenda. Kuwalizia risasi bila kuwaambia ungekuwa ukatili.

Na aliyezitaka hizo risasi ni Kavugho mwenyewe. Marehemu hakuziomba. Marehemu aliomba kitu kingine, na Kavugho akamnyima. Hilo ndilo lililokuwa linamtembeza mtaani na macho yaliyovimba, ingawa kila aliyemwona alidhani ni uchungu wa kawaida wa mtoto aliyefiwa.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa mzee Kahongya, fundi viatu, ambaye miaka yote ya ujirani wao alikuwa akigombana na marehemu juu ya kila kitu: mpira, siasa, hata namna ya kupika maharagi. Alimsikiliza Kavugho huku ameshika kiatu kisicho na kisigino.

"Sawa, mutoto yangu. Sitakimbia. Hata ningetaka, magoti ingekatala." Akakigeuzageuza kile kiatu. "Unajua baba yako alikuwa ananifanyia nini? Kila asubui anapita pa barabara, anapiga kelele: Kahongya, ungali muzima? Mi nafungua mulango, namutukana, anacheka, anaenda. Tangu sauti yake imekatika, naamukaka, nakaa pa kitanda, hata sijue kama niko muzima."

Kavugho alitaka kucheka, kikatoka kilio. Mzee akamwekea kigoda, akamwacha alie mpaka atosheke, kisha akarudi kwenye kisigino chake. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Kwenye kituo cha pikipiki vijana walizima injini zao wenyewe, bila kuombwa, walipomwona anakuja. "Donc ni kweli? Papa Debout ametuacha?" akauliza mmoja. Hilo ndilo jina mtaa ulilompa. Wengi wao hata hawakujua kwamba alibatizwa Urbain Mathe, kwamba alizaliwa Kasugho ambako mashamba ya Lubero yanaingia msituni, na kwamba aliingia jeshini akiwa kijana mwenye ndevu mbili tatu. Walimjua kwa neno lake moja tu.

Neno lenyewe alitoka nalo Kamina, katika kambi kubwa ya jeshi ambako aliwafundisha makuruta kulala, kutambaa na kusimama. Aliporudi nyumbani na cheo chake cha adjudant, alirudi na sanduku moja, redio ndogo na sauti. Sauti ile! Kanisani padri alimwomba kwa heshima zote aimbe polepole, ili Mungu awasikie na wengine. Akisalimia mtu ng'ambo ya bonde, mtu aliyesalimiwa aliitikia, na wengine watatu wasiohusika wakaitikia pia.

Alijenga Beni, pembeni ya mji, kwenye udongo ambao ukitupa mbegu ya maharagi, ukigeuka imeota. Halafu ikaja ile miaka ya mauaji. Watu wa Beni hawahitaji kuambiwa ni ipi. Adjudant aliwaona majirani wakisikia mlio, wakikurupuka, wakikimbilia palepale kifo kilipokuwa kimesimama kinawangoja. Hilo lilimuuma kuliko yote aliyoyaona vitani, kwa sababu alijua lingeweza kuzuiliwa.

"Batu banakufa juu ya kukimbia," alikuwa anasema. "Mutu akilala, risasi inamupita juu."

Basi akaanza kuifundisha nyumba yake kama alivyofundisha makuruta. Jumapili baada ya misa, watoto na wajukuu wakiwa na njaa na nguo zao safi, aliwapanga uani. Alikuwa na kipande cha bati kuukuu alichokiangusha juu ya jiwe: paa! Likianguka, wote chini, tumbo kwenye udongo, kiganja juu ya mgongo wa mtoto aliye karibu. Hapo kimya. Hakuna kuinua kichwa, hakuna kuuliza. Mpaka yeye mwenyewe, akiisha kusikiliza pande zote, aseme kwa sauti yake ile: "Debout!" Ndipo watu wanasimama. Akiinuka mmoja kabla ya neno, zoezi linarudiwa tangu mwanzo, na maharagi yaungue huko jikoni.

Majirani walikuja kuchungulia juu ya ua, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mkewe, Mama Thérèse, alikataa katakata.

"Mi silale chini na kikwembe yangu ya misa," alisema. "Bakikuya kuniua, baniue niko safi."

Adjudant, aliyewahi kuamrisha kikosi kizima, hakuthubutu kuamrisha mke. Bati likianguka, Mama Thérèse alibaki amesimama katikati ya watu waliolala, mikono kiunoni, kama mwenye shamba anayekagua viazi vyake, na mumewe amelala miguuni pake, kiganja juu ya kiatu chake. Kwa vile hakuwa mtoto wa kushikwa mgongo, alishikwa kiatu. Kavugho alikuwa akiinua jicho kwa wizi kuwatazama, na moyo wake ulikuwa ukijaa.

Siku ya kweli ilipofika, jioni moja, Mama Thérèse alikuwa Butembo kwa dada yake. Wengine wote walikuwa shambani. Risasi zilianza karibu sana, na hapakuwa na haja ya bati. Walilala kati ya mistari ya maharagi, Kavugho na nduguye Luc na watoto, kila kiganja juu ya mgongo wa mtu. Walisikia miguu ikikimbia barabarani. Walisikia ikikoma. Walilala hivyo mpaka Kavugho akasahau kwamba kuna kitu kinachoitwa kusimama, na sauti ya baba yake ilipokuja, "Debout," safari hii taratibu, karibu ya upole, alihisi kama amezaliwa mara ya pili. Wa nyumba yao walisimama wote. Katika nyumba ya jirani, wale waliokuwa wakichungulia juu ya ua na kucheka, hakusimama mtu.

Wakahama. Kila mmoja alibeba alichoweza hadi Butembo. Adjudant alibeba redio na lile bati.

Huko Bulengera ua wao haukukaa mtupu hata kidogo. Wakimbizi walikuja, wakapewa chumba cha nyuma, wakaondoka, wakaja wengine. Jokébed, mama mmoja aliyetoka vijiji vya kule Oicha na watoto wake bila mume, alifundishwa kulala na kusimama kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi. Ndivyo mzee alivyokaribisha wageni.

Halafu ugonjwa. Saratani ingeweza kuanzia popote katika mwili ule mkubwa, ikaamua kuanzia kooni. Kwanza sauti ilikwaruza. "Imeenda congé," alitania, kama vile iko likizoni, "itarudi." Haikurudi. Daktari aliangalia koo lake, akamwangalia Kavugho, na Kavugho akajua kabla hajaambiwa. Walimpeleka Kampala kupitia Kasindi, safari ya vumbi na vituo vya askari, na kule mashine zilimchoma shingo mpaka ngozi ikawa nyeusi. Alirudi na tundu kooni na kijibomba ndani yake, na kutoka kwenye kijibomba kile ilitoka pumzi tu. Kavugho aliacha meza yake ya mafuta ya mawese sokoni, akawa anasafisha bomba lile asubuhi na jioni. Wakati mwingine aliishia njiani, na mzee alimshika kifundo cha mkono ili amalize.

Alasiri moja, mvua ikiwa imekusanyika juu ya vilima, risasi zililia upande wa soko. Hata leo haijulikani ni za nani. Watu wote uani walilala papo hapo: Kavugho na sabuni mikononi, Jokébed na watoto wake, binti mdogo wa Kavugho, Victoire, na ndizi mdomoni. Mama Thérèse akabaki amesimama mlangoni, kama kawaida yake. Mzee alikuwa kwenye kiti chake barazani. Risasi zikanyamaza. Kimya kikakaa. Hakuna aliyeinuka, kwa sababu neno halikutoka.

Kavugho alimwona baba yake akifungua mdomo. Alimwona akivuta pumzi, mishipa ya shingo ikisimama, uso ukijikunja kwa jitihada, na hakuna kilichotoka ila mluzi mdogo wa kijibomba. Mvua ikaanza kuwapiga migongoni. Mzee akagonga fimbo kwenye sakafu, lakini mvua juu ya mabati ilikuwa imemeza kila kitu. Mwishowe alishuka ngazi, kwa miguu yake iliyokwisha nyama, akapita katikati yao kwenye matope akimgusa begani kila mmoja. Alipomgusa Kavugho, alikuwa analia waziwazi, mzee mzima, askari.

Usiku huo homa ilimpanda. Asubuhi alimwita Kavugho, akaziba tundu la kooni kwa kidole ili pumzi ipite mdomoni, akasema kwa sauti ya karatasi:

"Weye njo utasemaka sasa."

"Kusema nini, Papa?"

"Debout."

Kavugho alijua thamani ya kile alichokuwa anapewa. Hakupewa Luc, mwanamume, mwenye diploma, aliyehamia Kisangani. Alipewa yeye. Na alikataa. Alikataa kwa sababu siku atakayolisema neno lile baba yake akiwa hai, itakuwa amemzika na macho yake yanaona.

"Hapana, Papa. Ni yako. Sauti yako itarudia, utasema weye mwenyewe."

Mzee akamwomba tena baada ya Pasaka. Akamwomba tena mara ya mwisho, alipokuwa hawezi tena hata uji, kwa macho tu, na Kavugho aliyaelewa macho yale vizuri sana. Ili asiyajibu, alianza kuongea juu ya kitu kingine. Wiki ile mzee alitembelewa na Capitaine Grady, mtoto wa Kinshasa aliyepitia mikononi mwa Adjudant kule Kamina akiwa kuruta mwembamba. Alisimama wima mbele ya kitanda, mkono kwenye paji la uso, machozi yakimteremka bila aibu. Hapo Kavugho alipata wazo, na alilikamata kwa mikono miwili.

"Papa, siku yako ikifika, bunduki zitakulilia. Capitaine ameshaitika. Hatutakuzika kama mutu hivi hivi. Mi nakuapia."

 Mzee akafungua kiganja juu ya blanketi, akakishusha polepole, kama mtu anayetuliza maji. Kavugho alidhani anasema, basi, tulia, mwanangu. Alikibusu kile kiganja. Mzee hakuishi juma baada ya hapo.

Ndiyo maana alikuwa anagonga milango. Neno alilomnyima lilikuwa limemkaa moyoni kama jiwe, na alitumaini kwamba risasi zikilia vizuri, kwa heshima, bila mtoto mmoja kuumia kwa kukurupuka, labda litapungua uzito.

Alipomaliza mtaa mzima, miguu ikimwaka moto, alirudi nyumbani. Chini ya turubai wanawake walikuwa wanaimba, na kasiksi, pombe ya ndizi, ilikuwa inazungushwa kwa wazee. Jokébed alikuwa jikoni nyuma, anasonga ugali wa watu wa kilio. Kavugho akakaa karibu naye kwenye kuni.

"Jokébed, weye kesho ukitaka, baki na batoto hapa. Hakuna mutu atasema kitu."

Jokébed hakuacha kusonga, akamjibu kama dada mkubwa. "Yaya, mi siwezi kubaki. Ule mzee aliniokota. Lakini nikuambie ukweli? Sikio yangu itajua ni ya heshima. Magoti yangu, sijue."

"Itakuwa tu pah, pah, inaisha. Kumbuka tu ni ya Papa."

"Nitakumbuka," alisema Jokébed, kwa sauti ya mtu anayeahidi ili mwenzake apumzike.

Asubuhi ya mazishi Luc alitua kiwanja cha Rughenda na ndege ndogo, akaletwa na pikipiki moja kwa moja hadi parokia, suti ya bluu, viatu vinang'aa kiasi cha kujitazamia. Alimkumbatia dada yake, na kile kizungu chote alichotoka nacho Kisangani kikamtoka, akamlilia baba kwa Kinande kama mtoto. Tata, Tata. Misa ilikuwa ndefu. Padri alisema kwamba kanisa halikuwahi kuwa na sauti kama ile, na watu wakacheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Kisha jeneza likabebwa begani, bendera juu yake, hadi makaburini, juu ya kilima cha mikaratusi, ambako usiku kulikuwa kumenyesha.

Bulengera yote ilikuwa pale, na wale ambao hawakupanda kilimani walikuwa wamesimama milangoni mwao kule chini. Kavugho alitazama na kuona kazi yake imefanikiwa. Mzee Kahongya alikuwa kwenye kigoda alichokibeba mwenyewe. Vijana wa pikipiki walikuwa wamezima injini. Wamama walikuwa wamewashika watoto mikono, bila haraka, bila woga. Hakuna ambaye hakuambiwa. Hata mbuzi wa jirani alionekana ameelewa.

Askari walijipanga pembeni ya kaburi. Capitaine Grady alimtazama Kavugho, naye akaitikia kwa kichwa. Mama Thérèse alisimama kwenye ukingo, kando ya jeneza ambalo lilikuwa bado halijashushwa, mbele kabisa, na kikwembe cheusi kipya walichoshonewa wanawake wote wa ukoo, na kitambaa cheupe mkononi. Victoire alikuwa kati ya bibi yake na Kavugho. Luc upande wa pili wa Kavugho. Jokébed na watoto wake nyuma kidogo. Capitaine akatoa amri. Bunduki zikaelekea juu.

Zikalia.

Kufumba na kufumbua, Kavugho alikuwa na udongo mdomoni. Hakukumbuka kuanguka. Tumbo lake lilikuwa kwenye matope na kiganja chake kilikuwa juu ya mgongo wa Victoire, na mgongo ule mdogo ulikuwa umetulia tuli, kama ulivyofundishwa. Aligeuza jicho bila kuinua kichwa. Luc alikuwa chini, suti ya bluu na viatu na yote, mkono wake juu ya mtoto wa Jokébed. Jokébed alikuwa chini. Wapwa, wakwe, wajukuu, kila aliyewahi kula ugali katika ua ule wa Beni au huu wa Butembo, alikuwa amelala kifudifudi kuzunguka kaburi. Mtaa mzima ulikuwa umesimama, watu wamepigwa na bumbuwazi. Kavugho alikuwa amewaonya watu wote, akasahau kuionya nyumba yake. Au tuseme hapakuwa na namna ya kuionya. Aliyewafundisha alikuwa amefundisha nyama na mifupa.

Kisha akamwona mama yake.

Mama Thérèse, ambaye hajawahi hata siku moja kulala chini na nguo safi, alikuwa amelala kwenye matope na kikwembe chake cheusi, shavu kwenye udongo uliochimbwa. Mkono wake ulikuwa umenyooka mbele. Kiganja kilikuwa juu ya jeneza, kwenye upande wa miguu.

Hapo Kavugho alielewa kile kiganja kilichoshuka polepole juu ya blanketi. Baba yake hakuwa anamtuliza. Ile ilikuwa ishara ya kambini, ya kulala chini. Alikuwa anamwambia: mukiliza bunduki, watalala wote. Mzee aliijua kazi ya mikono yake. Alijua watalala, na alijua nini kitafuata, na nani atahitajika.

Kwa sababu kilichofuata ni kimya. Bunduki zilikuwa zimenyamaza. Moshi ulikuwa unapotelea kwenye mikaratusi. Hakuna aliyeinuka. Walikuwa wanangoja, wote, hata Luc na diploma yake, hata yeye Kavugho, kila sikio limeelekea upande ule ambao neno lilikuwa likitokea siku zote, na upande ule palikuwa na sanduku la mbao.  Kufa kwa baba yake, ambako alikuwa amekutangaza mlango kwa mlango jana nzima kwa mdomo wake mwenyewe, kulimfikia sasa.

Capitaine Grady alikuwa ameshusha mikono. Alianza kusogea aje kuwainua watu, akasimama. Alikuwa amepitia Kamina, alijua kinachongojwa, na alijua si cha kwake kukitoa. Akawaashiria askari washushe bunduki.

Victoire akamwulizia babu yake kwa kunong'ona, mdomo kwenye matope, "Mama, Koko atasema saa ngapi?"

Kavugho alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Alivuta pumzi tena, akahisi mishipa ya shingo inasimama, akamkumbuka barazani siku ile ya mvua akijitahidi hivihivi, mbele ya watu wake wote, kwa ajili ya watu wake wote, na binti yake aliyeweza kumsaidia kwa neno moja akiwa amelala palepale na sabuni mikononi, amefunga mdomo. Alilia kwa sauti. Hakujali nani anasikia. Akalia, na katikati ya kilio akaegemea viwiko vyake, akainua uso.

"Debout," alisema.

Lilitoka dogo, limepasuka katikati, na hakuna aliyesogea. Wa nyumba ile hawakufundishwa kuamka kwa sauti ndogo.

"Debout!"

Mlio wake ulivuka kaburi na mikaratusi, ukashuka hadi Bulengera chini. Mzee Kahongya alishtuka kwenye kigoda chake, akainuka na magoti yake yote mabovu, akasimama. Victoire akasimama. Jokébed akasimama na watoto wake. Luc akasimama, amepakwa matope toka kidevuni hadi kwenye viatu, akampa mama yake mkono. Mama Thérèse aliondoa kiganja chake kwenye mbao polepole, akasimama, na hakupangusa nguo yake.

Kavugho aliwatazama mmoja mmoja, kama alivyokuwa akifanya baba yake, kuhakikisha hakuna aliyebaki chini. Walikuwa wamesimama wote isipokuwa yeye mwenyewe.